Olorgesailie, ambako nyota moja hugeuka kuwa mbili

Wengi wanaoshika barabara ya Magadi huwa na shughuli inayoeleweka. Kuna wafanyabiashara wanaokwenda kununua mbuzi Kiserian, kuna watalii wanaokwenda kuwatazama heroe katika Ziwa Magadi, na kuna madereva wa malori wanaofuata shehena za magadi. Ni wachache mno wanaoteremka katika bonde hilo lenye joto kali wakiwa na nia ya kukesha wakitazama juu.

Hata hivyo, kwa mtu mwenye darubini ndogo, ni vigumu kupata safari fupi kutoka Nairobi yenye faida kama hii. Katika usiku mmoja wa mwezi wa Juni, akiwa amekaa mahali pamoja, ataona upande wa kaskazini nyota iitwayo Mizar, na upande wa kusini nyota iitwayo Alpha Centauri. Akizielekezea darubini, kila moja itagawanyika na kuwa mbili.

Mkazi wa London hawezi kufanya hivyo kwa sababu Alpha Centauri haichomozi kamwe kwao. Mkazi wa Cape Town naye huiona Alpha Centauri ikiwa juu sana, lakini Mizar huchungulia tu kwenye upeo wa macho na kutoweka. Sisi tunaoishi karibu na ikweta ndio tuliojaliwa kuziona zote mbili vizuri.

Nyota za aina hii huitwa nyota pacha. Kwa macho matupu huonekana kama nukta moja ya mwanga, ilhali ni nyota mbili, na mara nyingine tatu au zaidi. Wala si vioja vya nadra. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na jua letu zina wenzi. Huenda jua letu, ambalo huchomoza na kutua peke yake, ndilo lililokosa bahati.

Kuteremka bondeni

Mwandishi huyu alifunga safari hiyo mwishoni mwa juma moja la Juni, wakati ambapo mwezi haukuwa angani. Aliandamana na mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi Ongata Rongai, pamoja na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 16. Mzee huyo, ambaye ana miaka 74, huitwa Mwalimu na kila mtu mtaani, hata na wale ambao hakuwafundisha.

Darubini yake ilikuwa imeviringishwa blanketi na kulazwa nyuma ya pikapu, kati ya mtungi wa maji na gunia la makaa. Si chombo cha kutisha. Ni bomba la chuma la urefu wa karibu mita moja, lenye lenzi ya upana wa milimita 80 upande wa mbele, na miguu mitatu ya mbao. Mwalimu aliinunua mwaka 1990 kutoka kwa mwalimu mwenzake wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Anasema mkewe hakumsemesha kwa siku tatu.

Ukishapita Kiserian, barabara hupanda kando ya milima ya Ngong hadi Corner Baridi, mahali ambapo jina lenyewe linajieleza. Upepo hukupiga usoni na kukulazimisha kufunga vifungo vya koti. Kisha, ghafla, ardhi huanguka mbele yako na Bonde la Ufa kutandaa hadi macho yanapoishia.

Kuanzia hapo ni kuteremka, na kila baada ya kilomita kadhaa abiria huvua nguo moja. Mashamba humalizika, migunga yenye miiba huchukua nafasi, na makundi ya ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai huvuka barabara bila haraka. Ukifika Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka Nairobi, umeteremka hadi kiasi cha mita 1,000 juu ya bahari, na shati limekuganda mgongoni.

Mahali hapa panajulikana kote duniani kwa sababu ya mawe. Mwaka 1942 Louis Leakey na mkewe Mary walikuta hapa shoka za mawe zikiwa zimetapakaa ardhini kwa wingi usio kifani. Zilichongwa na viumbe waliotutangulia, na baadhi yake zina umri wa karibu miaka milioni moja. Leo ni eneo la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na wageni hupata vibanda vya kulala na uwanja wa kupiga kambi. Mchana watoto wa shule huja kuona shoka hizo. Jua likitua, hubaki ukimya na upepo mkavu.

Ukavu huo ndio alioufuata Mwalimu. Mwezi wa Juni wakazi wa Nairobi hujifunika mawingu ya baridi kwa siku nyingi, lakini huku chini aghalabu anga huwa wazi.

Taa za lori

Tulipokelewa na mlinzi wa kambi, Mmaasai wa makamo aliyejitanda shuka nyekundu. "Sopa!" akasalimu. "Epa!" tukaitika. Alipoona bomba likitolewa katika blanketi, aliuliza kwa adabu kama Mzee anatafuta madini. Mwalimu akamwambia kuwa anatafuta pacha.

Giza lilipokuwa likiingia, taa ilitokea mbali katika uwanda, upande wa Magadi.

"Mjukuu wangu, hiyo ni taa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Moja, Babu."

"Ngoja."

Tulingoja. Baada ya dakika chache taa ile ilinyooka upande, ikawa kama punje ya mchele, kisha ikagawanyika. Lilikuwa lori.

"Sasa ni ngapi?"

"Mbili."

"Na lori halikuongeza taa njiani," Mwalimu akasema.

Hilo ndilo somo lote la nyota pacha. Taa za mbele za lori zimeachana kwa kiasi cha mita 2. Jicho lenye afya haliwezi kuzitenganisha zikiwa mbali zaidi ya kilomita 6 au 7. Nyota nazo ziko mbali kiasi kwamba haziwezi kutukaribia kama lori, kwa hivyo ni sharti sisi tukuze jicho. Darubini ni jicho lenye mboni pana. Kadiri lenzi inavyokuwa pana, ndivyo inavyoweza kutenganisha vitu vilivyobanana.

Wataalamu hupima pengo kati ya nyota kwa pembe. Duara nzima ni digrii 360. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Sekunde moja ya pembe ni ndogo mno. Ni kama upana wa ukucha wa kidole kidogo ukitazamwa kutoka umbali wa kilomita 2.

Kasisi mmoja Mwingereza wa karne ya 19, William Dawes, aliacha kanuni ambayo watazamaji huitumia hadi leo. Chukua 116, kisha gawa kwa upana wa lenzi kwa milimita. Jibu ndilo pengo dogo kabisa, kwa sekunde za pembe, linaloweza kuonekana. Darubini ya milimita 60 itafika karibu sekunde 2, na ya Mwalimu itafika sekunde moja na nusu hivi. Ile ya milimita 60 ingeweza kuzitenganisha taa za lori kutoka umbali wa kilomita 200, laiti dunia ingekuwa bapa na hewa ikatulia.

Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza kwa makini, alitoa hoja yake. "Lakini Mzee, kuna wakati unaona taa mbili pamoja ukadhani ni gari. Zikifika, ni bodaboda mbili. Moja ilikuwa hapa karibu na nyingine kule nyuma kabisa."

Mwalimu alicheka kwa furaha. Swali hilo liliwahi kuwashughulisha mabingwa wa Ulaya. William Herschel, mpiga muziki aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Uingereza, alipoanza kuorodhesha nyota pacha katika karne ya 18, alidhani nyingi ni bodaboda za aina hiyo: moja karibu, nyingine mbali, zimepangana tu machoni petu. Alizipima kwa miaka karibu 25 kwa darubini alizojitengenezea. Mwaka 1803 alitangaza kwamba baadhi yake, ikiwemo Castor, zinazungukana. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba nguvu za uvutano zinazoliangusha embe kutoka mtini hufanya kazi hata kati ya nyota.

Daftari la Porrima

Ilipotimia saa mbili kasoro robo, giza lilikuwa kamili. Nyota ya kwanza aliyoitafuta Mwalimu ilikuwa Porrima, ambayo saa hiyo hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Olorgesailie. Kwa sababu hiyo bomba lilibidi kuelekezwa juu wima, na mzee wa miaka 74 akatandika mkeka na kulala chali ili achungulie.

Ilipofika zamu ya mwandishi huyu, kwanza kilionekana kitu kinachotetemeka kama sarafu ndani ya maji. Mwalimu alisema tusubiri hewa itulie. Mawe ya bondeni hunyonya jua mchana kutwa na kulipumua usiku, na joto hilo linapopanda huisumbua picha. Baada ya dakika kama kumi, mtetemo ulipungua na nyota mbili zikajitokeza, nyeupe zenye umanjano kidogo, zinazolingana kama meno mawili ya mtoto, na giza jembamba kati yake.

Hapo ndipo Mwalimu alipotoa daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jalada lililochakaa. Kila ukurasa una vidoara vilivyochorwa kwa penseli, tarehe, na maneno machache. Porrima ina kurasa zake. Mwaka 1990 aliandika: mbili, zimeachana vyema. Mwaka 1999: zimegusana. Mwaka 2005 aliandika neno moja tu: moja. Mwaka 2012: kama nambari 8. Na sasa, mbili tena.

Nyota hizo hazikufa wala kufufuka. Zinazungukana katika njia ndefu yenye umbo la yai, na mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 169. Mwaka 2005 zilikuwa zimekaribiana kabisa, pengo lake likiwa chini ya nusu ya sekunde, hata darubini ndogo zikashindwa. Tangu hapo zinaachana, na yeyote mwenye darubini kama ya Mwalimu anaweza kuziona mbili.

Wengi hudhani kwamba mambo ya mbinguni ni ya milele na hayabadiliki. Daftari hili linasema vingine. Mwalimu wa shule ya kutwa, kwa penseli na subira, ameziona nyota mbili zikikutana na kuagana.

Kutoka kaskazini hadi kusini

Saa mbili na nusu tuligeukia kaskazini. Mizar iko katika mkia wa Dubu Mkubwa, na kando yake mwenye macho mazuri huona nyota hafifu iitwayo Alcor bila kifaa chochote. Katika darubini, Mizar yenyewe hugawanyika. Pengo ni sekunde 14, pana kiasi kwamba hata darubini ndogo kabisa hulimudu. Mwaka 1617 Mwitaliano Benedetto Castelli alimwandikia mwalimu wake Galileo kuhusu nyota hii, na hivyo Mizar ikawa mojawapo ya pacha wa kwanza kutambuliwa kwa darubini.

Mambo hayakukomea hapo. Mwaka 1889 Edward Pickering wa Harvard alitangaza kwamba yule mkubwa wa Mizar pia ni wawili, waliokaribiana mno wasiweze kuonekana ila kwa kuchambua rangi za mwanga wao. Baadaye yule mdogo naye akabainika kuwa wawili, na Alcor pia.

"Kwa hivyo tunaona tatu, lakini ni sita?" mjukuu akauliza.

"Ni kama kuhesabu watu nyumbani kwa kuangalia viatu mlangoni," Babu yake akamjibu. "Kuna wengine wameingia navyo ndani."

Kisha tukageuza bomba kuelekea kusini, hadi Msalaba wa Kusini. Nyota iliyo chini ya msalaba huo huitwa Acrux. Pengo lake ni sekunde 4 hivi, na nyota zote mbili zina weupe wa kibuluu unaokata kama wembe. Mwaka 1685 makasisi Wajesuiti wa Ufaransa, waliokuwa safarini kwenda Siam, walitua Rasi ya Tumaini Jema na kugundua kwamba ni pacha. Msomaji akumbuke basi kwamba ugunduzi huo, ambao ni miongoni mwa ule wa mwanzo wa aina yake, ulifanyika katika ardhi ya Afrika.

Acrux iko umbali wa miaka ya mwanga kama 320, yaani mwanga wake husafiri miaka mingi hivyo kabla ya kutufikia. Uliotuingia machoni usiku ule uliondoka huko karibu na wakati Waomani walipowang'oa Wareno kutoka Fort Jesus mwaka 1698.

Mjukuu alikaa kwenye darubini muda mrefu kuliko sote. Kisha akasema, "Babu, pembeni kuna ya tatu." Hakuwa ameambiwa. Ni kweli ipo, kwa pengo la sekunde 90 hivi. Mwalimu hakumsifu. Alimkabidhi penseli.

Saa nne kasoro dakika 20 Alpha Centauri ilifika kileleni mwa njia yake, theluthi mbili ya njia ikiwa bado hadi utosini. Mfaransa Jean Richaud aliigundua kuwa pacha mwaka 1689 huko Pondicherry, India, alipokuwa akitazama nyota yenye mkia. Ni jirani yetu, kwani iko umbali wa miaka ya mwanga 4.4 tu. Ina mwenzi wa tatu aliye hafifu sana, Proxima, ambaye yuko karibu nasi zaidi ya nyota nyingine yoyote baada ya jua. Huyo naye aligunduliwa Afrika, mwaka 1915, na Robert Innes wa Johannesburg.

Wawili wakubwa wa Alpha Centauri huzungukana katika miaka karibu 80, ambayo ni maisha ya binadamu aliyejaliwa. Katika daftari, mwaka 1990 zimechorwa zikiwa mbalimbali. Mwaka 2016 zimekaribiana hadi sekunde 4 hivi. Sasa zinaanza kuachana, zitabanana tena katika miaka ya 2030, kisha katikati ya miaka ya 2050 zitafikia upana wao mkubwa.

Mwalimu alipiga hesabu kwa sauti. "Mimi sitakuwepo," akasema bila huzuni. "Huyu atakuwa na miaka arobaini na kitu."

Vipimo vya aina hii si mchezo wa kupitisha wakati. Njia pekee iliyo wazi ya kupima uzito wa nyota ni kuitazama ikizungukana na mwenzake. Orodha kuu ya nyota pacha duniani, inayotunzwa na kituo cha nyota cha jeshi la wanamaji la Marekani, ina pacha zaidi ya 150,000, na kwa miaka mingi imekuwa ikipokea vipimo vya watu wasio wataalamu. Pacha wengi ni wa mwendo wa polepole, hivi kwamba hakuna mtu mmoja awezaye kuwaona wakikamilisha mzunguko. Mmoja huanza, mwingine huendeleza.

Kenya nayo ina sehemu yake katika habari hii. Desemba 12, 1970, katika sikukuu ya saba ya uhuru wetu, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei angani. Miongoni mwa iliyovumbua ni kwamba chimbuko moja la miali hiyo, si mbali na Msalaba wa Kusini, ni pacha: mabaki ya nyota iliyolipuka yakimzunguka mwenzake mkubwa na kumnyonya. Neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota kote duniani.

Buluu au kijivu?

Usiku wa manane tulikunywa chai ya mkaa, kisha tukageukia kaskazini mashariki kutafuta Albireo. Wengi huitaja kuwa pacha wenye rangi nzuri kuliko wote wanaoonekana kwa darubini ndogo. Pengo ni sekunde 35 hivi, mkubwa ana rangi ya dhahabu na mdogo ni wa buluu. Vipimo vya chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia vimeonyesha kwamba mienendo yao haifanani, kwa hivyo huenda si pacha wa kweli bali ni zile bodaboda mbili za mlinzi. Uzuri wao haujapungua.

"Dhahabu na kijivu," Mwalimu akasema, akiwa bado amechungulia.

Mjukuu akatazama. "Babu, si kijivu. Ni buluu. Buluu kama moto wa gesi."

"Kijivu."

"Buluu, Babu. Angalia tena."

Mwandishi huyu alitazama pia, na ilikuwa buluu. Mlinzi akatazama, akasema ni rangi ya shanga za mkewe.

Mwalimu alinyamaza. Ana mtoto wa jicho katika jicho la kulia, lile analochungulia nalo tangu ujana. Daktari amemweleza kwamba lenzi ya jicho inapozeeka hugeuka manjano, na mwanga wa buluu ndio wa kwanza kuzuiwa. Mtu haoni rangi ikiondoka, kwa maana huondoka kidogo kidogo. Operesheni amepangiwa, na wengi waliofanyiwa husimulia jinsi buluu ilivyowarudia siku bandeji ilipofunguliwa.

Alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa Albireo. Mwaka 1991 alikuwa ameandika: buluu. Kwa miaka iliyofuata aliandika buluu hafifu, kisha nyeupe, kisha kijivu. Nyota haikubadilika hata mara moja. Alimulika ukurasa kwa tochi yenye karatasi nyekundu, akamsukumia mjukuu wake daftari.

"Andika unavyoona wewe," akasema. "Na utie jina lako, ili wajue ni jicho la nani."

Za mwisho kuondoka mjini

Hata Olorgesailie giza si kamili tena. Upande wa Nairobi anga ilikuwa na weupe kama wa mwezi unaotaka kuchomoza, ila haukuchomoza. Kiserian na Rongai zinazidi kushuka na kutanuka, na kila nyumba mpya huja na taa yake ya ulinzi. Mwalimu anakumbuka jinsi miaka ya tisini alivyouona mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa kutoka uani kwake. Siku hizi hauoni.

Lakini nyota pacha zina ustahimilivu wake. Mawingu hafifu ya nyota humezwa na taa za mji, bali nyota zenye mwanga mkali hupenya. Mizar, Acrux, Alpha Centauri na Porrima zote huonekana kutoka juu ya paa la ghorofa la Umoja au Pipeline. Nyota pacha ndizo za mwisho kuondoka mjini, na kwa hivyo mtoto asiye na nauli ya kufika Magadi hajanyimwa kila kitu.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, haya ndiyo mashauri ya Mwalimu. Usinunue darubini kwa sababu ya maandishi ya kartoni yanayojigamba kwamba hukuza mara 500. Uliza upana wa lenzi, na utikise miguu yake. Ikiyumba, iache dukani. Milimita 60 zinatosha kuanzia, na 80 zinatosha kwa miaka mingi. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama ili ipoe. Na kwa vyovyote vile, usimruhusu mtoto aielekeze kwenye jua, hata kwa nukta moja, kwani atapofuka.

Juni na Julai ni msimu wa nyota tulizotaja. Kati ya Desemba na Machi, tafuta upanga wa Orion, ambako nyota moja ya katikati hugeuka kuwa nne zilizojipanga kama mawe ya jikoni yaliyoongezwa moja. Karibu na hapo, upande wa kaskazini, utampata Castor wa Herschel. Anayekwenda Olorgesailie abebe maji ya kutosha, kofia ya mchana, blanketi ya alfajiri na viatu vya kufunika miguu kwa sababu ya nge. Achague juma ambalo mwezi haupo, na apige simu mapema kuulizia vibanda.

Hatimaye, nunua daftari la kurasa 96. Andika tarehe, saa, mahali, na ulichokiona, hata kama ni neno moja. Mpe na mtoto aandike lake, bila kumsahihishia rangi.